Mashine ya Kutema Rangi

Jumamosi, tarehe 12 Machi 1983. Asubuhi hiyo Karatu kulikuwa na manyunyu mepesi, yale yasiyomlowanisha mtu bali humkumbusha tu kwamba hakubeba koti. Huko juu, kwenye ukingo wa Kreta, lile bonde kubwa la volkeno, ukungu ulikuwa mzito hata dereva wa Landrova akawa anatoa kichwa dirishani kuitafuta barabara.

Nyuma ya gari hilo, kati ya sanduku la barafu lenye chanjo na gunia la viazi, alikaa Naftali Qamara: mkulima wa Ganako, mzee wa kanisa, mwanafunzi wa elimu ya watu wazima na, kwa maoni yake mwenyewe ambayo alikuwa hajamwambia mtu, mvumbuzi. Alikuwa amepakata mashine kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa.

Mashine yenyewe ilizaliwa darasani. Jioni moja Mwalimu Inosenti, kijana mpole aliyewafundisha wazee kusoma bila kuwacheka, aliwasomea habari kutoka kwenye gazeti lililokuja limefungiwa sabuni. Huko ng'ambo, alisema, kuna mashine inayoandika bila kugusa karatasi. Inarusha wino matone matone, kila tone mahali pake.

"Kwa hiyo inatema," alisema Naftali.

Darasa zima lilicheka.

"Tuseme inatema, mzee wangu," alijibu Inosenti, "lakini kwa shabaha. Wino ukitoka kwenye tundu jembamba unatoka kama uzi. Ukiutikisa ule uzi, unakatika kuwa matone yanayolingana. Siri iko kwenye kutikisa."

Wenzake walirudi nyumbani wakiwaza mahindi. Naftali alirudi akiwaza kutikisa. Kila siku alikuwa akimwomba Mungu ampe unyenyekevu, na kwa kuwa ombi hilo lilikuwa bado halijajibiwa, aliona hakuna ubaya kuendelea na mipango. Alichukua pampu ya baiskeli, kopo la mafuta ya kupikia, mpira wa ndani wa gurudumu, na sindano tatu kuukuu za kuchanjia ng'ombe akazipanga kwenye kipande cha mti. Kwa ajili ya kutikisa alifunga kengele ya baiskeli. Ukipampu, rangi inatoka kama uzi. Ukipiga kengele, uzi unakatika matone. Aliijaribu kwenye ukuta aliokuwa ameupaka chokaa mkewe, Antonia.

Antonia aliutazama ukuta, akamtazama mumewe. "Baba Josephati," alisema, "umeiambukiza nyumba surua."

Lakini matone yalikuwa yamejipanga. Na bahati, au kitu alichokidhania kuwa bahati, ilifuata. Mnadani Karatu alikutana na rafiki yake wa siku nyingi, Lembris, mfugaji wa Kimaasai wa Nainokanoka, kule juu karibu na Kreta, ambaye alimweleza shida yao. Chanjo ya sotoka, ule ugonjwa unaofyeka ng'ombe, ilikuwa inakuja, ila rangi ya kuwatia alama ng'ombe waliokwisha kuchanjwa haikupatikana, si Karatu wala Arusha. Mwaka huo hata kiberiti kilikuwa cha kupanga foleni. Bila alama bwana mifugo hachanji, maana hawezi kujua nani kapata na nani bado. Kilichopatikana ni kichupa kimoja cha dawa ya zambarau ya vidonda. Ukipaka kwa brashi, kingeishia kwenye ng'ombe wachache tu.

"Kwa brashi, ndiyo," alisema Naftali, na hapo kifua kikamtanuka. "Je, kwa matone?"

Lembris alikwenda kwa wazee wa kwao akatoa neno lake kwamba rafiki yake Mwiraqw wa Karatu atakuja na mashine. Ndivyo Naftali alivyojikuta ndani ya Landrova ile.

Jambo jingine lilikuwa linamtekenya moyoni, nalo ni kubwa kuliko mashine. Kesho yake, Jumapili, angesoma somo kanisani kwa mara ya kwanza maishani. Miaka mingi alikuwa amekishika kitabu cha nyimbo mbele ya watu, mara nyingine kitabu kikiwa juu chini, akiimba kwa moyo wote. Sasa alijua kusoma. Mchungaji alikuwa amekwisha kulitangaza jina lake. Antonia alikuwa amelipiga pasi koti. Ungemwuliza Naftali anataka nini hapa duniani, asingetaja mvua wala mali. Angesema anataka kusimama pale mbele, safi, asome, akae.

Nainokanoka walikuta ng'ombe wamejaa, mvuke wa pumzi zao ukichanganyika na ukungu. Wazee walikaa kando wamejifunika mablanketi, Mzee Parsimei katikati yao, fimbo magotini. Vijana walikuwa wamejenga njia nyembamba ya miti ili ng'ombe wapite mmoja mmoja. Bwana mifugo alifunua sanduku, akatazama barafu, akalifunika haraka.

"Imebaki kidogo," alisema. "Ikiisha kabla ya ng'ombe, chanjo inaharibika na mimi narudi Karatu. Tuanze."

Mtu mwenye busara angeanza. Naftali alitoa hotuba. Alieleza kuhusu ng'ambo, kuhusu uzi na matone, kuhusu kutikisa. Alieleza kuhusu elimu isiyo na mwisho, akawaarifu kwamba kesho angesoma kanisani. Lembris alitafsiri sentensi moja, akaruka tatu.

"Barafu inayeyuka, mzee," alisema bwana mifugo.

Ng'ombe wa kwanza aliingia, jike jeupe la Nosim, mjane mwenye maneno makali kuliko upepo wa pale. Bwana mifugo alichoma sindano. Naftali alipampu, akapiga kengele: kring. Matone ya zambarau yakatua ubavuni mwa ng'ombe kwa mistari mitatu iliyonyooka, mizuri ajabu, na kwa muda wa pumzi moja Naftali Qamara alikuwa mvumbuzi mbele ya mashahidi.

Jambo ambalo hakuliwaza, yeye aliyewaza yote, ni kwamba Nainokanoka hakuna baiskeli. Ng'ombe wa kule wanaijua kengele ya shingoni, inayogonga polepole na kuwaambia kiongozi wao yuko wapi. Mlio ule wa kring hawakuwahi kuusikia tangu wazaliwe. Jike jeupe liliruka. Lililokuwa nyuma yake liliruka juu yake. Miti ikavunjika, kundi likatawanyika kwenye ukungu, na vijana wakalifuata wakipiga mbinja.

Naftali, kwa hofu, aliendelea kupampu. Sindano zikaziba. Mpira ukavimba kama koo la chura, ukapasuka, na dawa nyingi ikamwagikia majani, viatu vyake na kipande cha mti alichokichonga kwa maombi.

Wazee walizitazama nyasi kwa heshima. Nosim ndiye aliyeanza.

"Sasa nyasi zetu zimechanjwa," alisema.

Ng'ombe walirudishwa. Ndani ya kichupa dawa ilikuwa imebaki chini tu. Waliitia maji, ikajaa kikombe kimoja. Bwana mifugo alikitazama kikombe, akatazama kundi, akaanza kufunga mikoba yake.

"Sina njia," alisema. "Bila alama sichanji. Hiki kikombe ukichovya kitambaa, kitambaa chenyewe kitakunywa chote."

Lembris aliuokota mpira uliopasuka. Neno lilikuwa lake mbele ya wazee, na ng'ombe wengi pale walikuwa wa ukoo wake. Macho yake yalitulia kwenye zile nyasi za zambarau. Naftali alitamani rafiki yake angemtukana, ingekuwa nafuu.

Kisha Mzee Parsimei alisema jambo kwa Kimaasai, pole pole, akaonyesha mdomo wake. Lembris alitafsiri.

"Mzee anauliza: hiyo mashine kazi yake ni kutema matone madogo, yanayolingana, mbali na ng'ombe, bila kumaliza kilichomo?"

"Ndiyo hiyo," alisema Naftali.

"Anauliza, na wewe mdomo wako una kazi gani?"

Hapo Naftali akakumbuka kitu alichokuwa amekisahau kwa makusudi. Babu yake, Qamara mwenyewe, alikuwa akipiga funda la pombe ya asali, akibana midomo na kuwapulizia wajukuu baraka. Ilitua usoni kama umande. Naftali alipobatizwa aliyaweka mambo hayo kwenye fungu la ya kale. Wazee wa Kimaasai nao ndivyo wanavyobariki ng'ombe, kwa maziwa. Vizazi na vizazi vya mashine, na yeye amekwenda kuitafuta kwenye gazeti la kufungia sabuni.

Lembris alikuwa amekwisha kuinua kikombe apulize yeye. Lakini dume lake kubwa lilikuwa limeingia njiani na halimsikii mtu mwingine. Alipoiachia pembe, lilianza kutikisa kichwa.

"Bwana mifugo," aliuliza Naftali, "dawa hii inaua?"

"Watoto wachanga hupakwa ulimini wakiwa na utando. Haitakuua, mzee. Itakuaibisha tu."

"Inatoka lini?"

"Labda Jumatano."

Jumatano. Naftali aliliona koti lililopigwa pasi. Aliwaona wanakwaya. Alimwona mchungaji, na kitabu kikubwa mezani, na midomo ya zambarau ikifunguka juu yake kama ya mtoto aliyeiba zambarau kwenye mti wa misheni. Aliomba, kwa kifupi, kwamba kikombe hiki kimwepuke, halafu akaona haya kwa kujilinganisha na aliyesema hivyo kwanza. Akamnyang'anya Lembris kikombe.

"Shika dume lako, rafiki," alisema. "Hii ni kazi ya mashine."

Funda la kwanza lilishuka kidevuni.

"Unamtia alama nani," aliuliza Nosim, "ng'ombe au ndevu?"

La pili alilimeza nusu. Mzee Parsimei aliomba kibuyu cha maziwa, akaonyesha: midomo imebanwa, shavu halijazwi, pumzi inatoka tumboni kwa ghafla. Pffu. Wingu dogo jeupe likatua ubavuni mwa dume, nalo halikutikisa hata sikio.

"Meno yako yamefunga mlango," alisema Nosim. "Sisi tumeacha dirisha." Akacheka, akionyesha pengo la chini alilong'olewa utotoni.

Naftali alitoboa tundu la duara kwenye mfuniko wa kopo lake, akauweka ubavuni mwa dume, akabana midomo. Pffu. Alipouondoa mfuniko, duara la zambarau lilikuwa pale, limejaa vitone vidogo vilivyokaribiana, na kikombe kilikuwa karibu vile vile. Bwana mifugo aliinama akaangalia.

"Hiyo alama nitaikubali," alisema, akafungua tena mikoba.

Lakini Mzee Parsimei aliinua fimbo.

"Mzee anasema ngoja," Lembris alisema. "Mtu hampulizii ng'ombe kwa mdomo halafu akanyamaza. Akinyamaza, ametema mate tu. Lazima kuwe na maneno."

"Maneno gani?"

"Ya baraka. Wewe si mzee wa kanisa?"

Basi Naftali akaanza. Bwana mifugo anachoma, Naftali anapuliza, kisha anasema kwa Kiswahili, "Mungu akupe majani, akupe maji, akuepushe na sotoka," na wazee wote wanaitika kwa pamoja, "Naai," ndiyo amina yao. Ng'ombe walipita wametulia. Mvua ya mdomo waliijua tangu wakiwa ndama.

Jua lilipopasua ukungu midomo yake ilikuwa imekufa ganzi na baraka zimeanza kufupika. Ng'ombe mmoja aliambulia "Amina" peke yake.

"Huyo ni wangu," alisema Nosim. "Umempunja. Wa Lembris umemtajia majani, maji na wana. Wangu umempa mkia wa sala."

"Mama, nimechoka."

"Mungu naye amechoka? Mrudishe."

Jike lilirudishwa, likabarikiwa upya, kwa urefu, Nosim akisimama kando akihakikisha hakuna kilichorukwa. Na Naftali, ambaye kanisani aliomba kwa maneno mengi kwa ajili ya mambo yake, aligundua kwamba hajawahi kuombea mali ya watu wengine siku nzima, na kwamba hakuna mtu aliyemwuliza kama anajua kusoma.

Ndama wa mwisho alipopita, kikombe kilikuwa na tone moja, na kwenye sanduku barafu ilikuwa kipande kidogo kama jino. Bwana mifugo alikunjua mikono ya koti lake.

"Wote," alisema.

Lembris alimshika Naftali bega, akamtazama usoni, akageuka upande wa pili kwa adabu ili acheke. Naftali alikwenda kwenye kioo cha Landrova. Midomo, meno, ulimi, kidevu: zambarau tupu. Alijisugua kwa leso. Leso ndiyo iliyobadilika.

Wazo lilimjia, jepesi na lenye sura ya hekima: amtumie mchungaji ujumbe kwamba ana homa. Nainokanoka kuna baridi, nani angeshangaa? Angesoma mwezi ujao, akiwa safi.

"Wewe wa hotuba," Nosim alimwita. Alikuwa amekuja na wazee nyuma yake, na bwana mifugo, na vijana wanaonuka moshi. "Asubuhi ulituambia kesho unasoma kanisani. Bado unasoma?"

Naftali alifungua mdomo aseme habari ya homa. Vijana waliona ulimi, wakatikisa vichwa kwa kicheko. Mzee Parsimei hakucheka. Alikuwa anangoja jibu, kama alivyongoja maneno baada ya kila pumzi, kwa sababu mdomo usiosema kitu umetema mate tu.

"Lembris, tafsiri," alisema Naftali, akavua kofia. "Neno kwa neno leo, rafiki, usiruke."

"Siruki."

"Mbele ya Mungu, na mbele yenu, na mbele ya ng'ombe hawa, naahidi: kesho nitasimama nisome hivi hivi nilivyo. Wakiniuliza nini kimenipata, nitawaeleza yote, mpaka kengele. Na baada ya somo nitawaombea ng'ombe wa Nainokanoka, nikianza na yule wa Nosim, kwa urefu wake wote."