Daftari la Wasikilizaji

Mama Madaftari alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ulikuwa uchovu wa miaka ishirini na miwili ya kupiga hodi. Kila Jumatatu aliwapelekea watu daftari jembamba la kituo cha redio. Wao wakaandika wiki nzima wamesikiliza nini, kila robo saa, na wamesikiliza na nani. Jumatatu iliyofuata alikaa nao sebuleni, akalisoma mbele yao ukurasa kwa ukurasa, akauliza pale asipoelewa, kisha akawaachia jingine. Ofisini namba zilijumlishwa, na kila mtu mmoja wa daftarini alisimama badala ya watu elfu mbili. Hivyo ndivyo kituo kilivyojua nani anasikiliza nini. Jina la kuzaliwa la Mama Madaftari hata bosi alikuwa amelisahau.

Sasa kikaja kiprogramu. Kinawekwa kwenye simu ya mtu kwa ridhaa yake, kinasikia redio yoyote inayolia karibu, kinaandika chenyewe. Hakiumwi miguu, hakiombi likizo. Aliyekileta ni mkuu mpya wa takwimu, kijana msomi aliyeandika tasnifu nzima juu ya wasikilizaji, na ofisi nzima ikamwita Daktari. Aliwakalisha wakusanyaji wanne waliobaki, akawapa somo. Zamani, alisema, wataalamu waliamini redio inamdunga mtu maneno, yakamwingia yalivyo, yeye hana la kufanya. Baadaye wakaona sivyo: msikilizaji anachagua, anachukua analotaka kwa haja zake, lingine analiacha lipite. Na sasa hakuna tena haja ya kumwuliza mtu chochote, kwa sababu simu yake inasema yote.

"Na mtu akiizima?" Mama Madaftari akauliza.

"Hilo nalo ni jibu, mama."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, alikuwa amevua kiatu kimoja chini ya meza na alikuwa anatafuta namna ya kukivaa tena.

Wakubwa wakaamua hivi: nyumba ishirini zipimwe kwa njia zote mbili, daftari na simu, miezi miwili. Namba zikikaribiana, madaftari yatabaki. Zikiachana, kitengo kinafungwa. Mama Madaftari alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu, na nisikufiche, aliitaka miaka hiyo. Aliitaka kwa roho yake yote, miguu iume isiume.

Nyumba kumi na tisa zikaenda vizuri, tofauti zake za kawaida tu. Ya ishirini ikawa balaa. Ilikuwa nyumba ya Mzee wa Posta, aliyesambaza barua mpaka barua zenyewe zikaisha, na ambaye daftari lake lilikuwa safi kuliko yote. Kila siku saa tisa alasiri, saa nzima, kipindi cha salamu na barua za wasikilizaji. Waliosikiliza: yeye, mwanawe, mkwewe na wajukuu wawili. Watu watano, yaani watu elfu kumi kwenye ripoti, wa kutosha kuziachanisha namba zote. Na simu zote nne za nyumba ile zilisema nini? Sifuri. Miezi miwili, hata dakika moja hakuna.

"Kiprogramu chako ni kibovu," Mama Madaftari akasema. "Hawa watu nawajua miaka kumi na minane. Mzee yule hajui hata kudanganya umri wake."

"Nenda ukaangalie, mama," Daktari akasema. Hakuwa mtu mbaya, tumpe haki yake. "Ripoti inatakiwa Ijumaa."

Akaenda Jumatano, saa tisa kasoro dakika tano. Mkwe alikuwa jikoni anakatakata vitunguu, nyaya za simu zimo masikioni, anamcheka mtu ambaye humo ndani hakuna anayemwona. Wajukuu walikuwa kwenye kochi moja, kila mmoja na simu yake, migongo imegusana. Mzee alikuwa kwenye kiti cha dirishani, mikono magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Mbona leo si Jumatatu?" Akainuka mbiombio kumfutia kiti vumbi ambalo halikuwepo.

Sasa elewa jambo moja. Mkusanyaji haombi ushahidi. Mtu mzima anakwambia nimesikiliza, unaandika, unashukuru. Kumwambia awashe redio yake uione ni kumwita mwongo nyumbani kwake, na kwa miaka ishirini na miwili Mama Madaftari hakuwahi kumfanyia mtu hivyo. Maneno yakamtoka kwa shida.

"Baba, hebu niwashie redio. Saa tisa hiyo."

Mzee akaenda kabatini, akaondoa kitambaa juu ya redio, akazungusha kitufe. Kimya. Akazungusha cha pili.

"Betri," akasema.

Mama Madaftari akaichukua, akafungua mfuniko wa nyuma. Betri zilikuwa zimevuja zamani, kutu ya kijani imekula nyaya zote. Hasira ikampanda.

"Baba! Hii imekufa lini?"

"Mwaka jana. Kabla ya mvua."

"Na madaftari yote yale? Kila Jumatatu nakaa hapa nasoma, kumbe nasoma hewa?"

"Ratiba si mnaiandika nyuma ya daftari? Nanakili." Akakaa. "Usinikasirikie, mwanangu. Bila redio ungekuja hapa kufanya nini?"

Mama Madaftari akaurudisha mfuniko mahali pake.

"Wewe tu ndiye unayeniuliza jana saa tisa nilikuwa nafanya nini," mzee akaendelea, bila kulalamika. "Na nikiandika unasoma. Unafika mpaka mwisho."

"Lakini umeandika mlikuwa watano, baba."

Mzee akawatazama wajukuu. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Zamani tulikuwa tunakaa hivyo," akasema. "Nikiandika, naona tumekaa."

Hasira ikamwisha, na hilo likawa baya zaidi, maana hasira ndiyo iliyokuwa imemsimamisha. Akaketi pale alipofutiwa vumbi. Watu elfu kumi, akawaza, wote wametoka kwenye kalamu ya mtu mmoja aliyeikumbuka familia yake sebuleni kwake mwenyewe.

Ijumaa, Daktari alimtazama usoni akajua. Akafunga mlango.

"Simu walikuwa wanaziacha vyumbani, si ndiyo?" akasema polepole. "Ndiyo maana hazikusikia redio. Andika hivyo, mama. Mstari mmoja tu, nami nitatia sahihi. Hakuna atakayekwenda kuangalia."

Mama Madaftari akashika kalamu. Miaka mitatu ilikuwa pale kwenye mstari ule. Yarabi, aliuandika mara kumi kichwani. Kisha akaandika: Redio ya nyumba hii ni mbovu tangu mwaka jana. Hakuna aliyesikiliza.

"Umejifukuza kazi mwenyewe," Daktari akasema.

"Najua. Na huyu mzee, kwenye mfumo wako yuko wapi?"

"Ana simu?"

"Hana."

Daktari akaangalia meza. "Basi hayumo."

Jumatatu akaenda kwa mara ya mwisho kukusanya. Mzee wa Posta alimfungulia, akautazama mkoba uliolegea.

"Leo hujaniletea jipya?"

"Yamesimamishwa, baba. Kila mahali."

Mzee akashika fremu ya mlango. "Ni mimi, sivyo? Ni kwa ajili ya redio yangu. Nimekuharibia kazi."

Mama Madaftari alikuwa amekataa kuandika uongo wa mstari mmoja, na kukataa huko kukamgharimu miaka mitatu. Uongo huu aliusema papo hapo, bila kupepesa.

"Hapana, baba. Waliamua zamani. Wewe humo kabisa."

Mzee akashusha pumzi ndefu. "Afadhali. Tangu Jumatano sijalala." Akamvutia kiti. Mama Madaftari hakuwa tena na nyumba nyingine ya kwenda, kwa hiyo akakaa, na mzee akaanza kumweleza jana yake tangu asubuhi.