Waliochimba Zizi la Erasto

Kitabu cha kwanza hakikumdhuru Erasto. Kiliandikwa na mwalimu aliyewahi kufundisha kijiji cha Ringwani, alikoishi Erasto, na vizazi vya wanafunzi vikakisoma na kukipenda: bibi harusi anatoweka asubuhi ya harusi yake, na hadithi inaishia hapo. Kijijini walijua kwamba bibi harusi yule ni Ester, dada yake Erasto, na Erasto walimwonea huruma.

Cha pili ndicho kilichommaliza. Mwalimu alikwisha kufa, na mwandishi mmoja wa Tarime, Samira, akaiendeleza hadithi kwa mtindo wa upelelezi. Humo askari anahoji huyu na yule, mwishowe anagundua kwamba kaka mtu ndiye aliyemuua dada yake na kumfukia zizini. Kiliposomwa redioni, mke wa Erasto, Efrazia, akaanza kuachiwa benchi zima peke yake kanisani. Kisha jirani yao Heche akatangaza kwamba Jumamosi watakwenda kulichimba zizi la Erasto.

Erasto akapanda gari hadi Bomani, mjini Tarime, akamkuta Samira kwenye duka la vitambaa la baba yake. Binti alimwamkia shikamoo, akampa kiti. Erasto hakumgombeza. Alimwomba tu aje aseme mbele za watu kwamba alibuni. Samira hakuwa akijua kwamba bibi harusi yule aliwahi kuishi. Aliposikia, akakubali.

"Muuaji nimemtunga mwenyewe," aliwaambia watu Jumamosi ile pale zizini. "Nilitaka mtu ambaye msomaji hatamdhania. Mzee huyu sikuwa namjua."

"Na Ester ulimtunga?" Heche akauliza.

"Hapana. Huyo nilimkuta kwenye kitabu cha mwalimu."

"Basi mwalimu alisema kweli, na wewe umemalizia."

Wakaanza kuchimba. Erasto alisimama kando, na kilichomtisha si majembe yao. Ni kwamba naye alikuwa anautazama udongo. Walichimba katikati hadi wakagonga mwamba, hawakuona kitu. Wakasema alishamhamisha, wakaondoka wakinong'ona.

Ndipo Erasto akashika jembe, akaanza kuchimba pembeni, kwenye kona ambayo hakuna aliyeigusa. Alichimba kama mtu anayefukuzwa.

"Mzee, unatafuta nini?" Samira aliuliza huku analia. "Nimesema nilibuni."

"Mimi sikumuua, hilo nalijua," Erasto akajibu bila kuinua kichwa. "Lakini zizi hili alilijenga baba, mwaka ule ule Ester alipotoweka. Mpaka nilipokisikia kitabu chako, sikuwahi kulifikiria hilo."

Alichimba mpaka viganja vikachubuka. Hakuona hata mfupa wa mbuzi. Efrazia akaja, akamnyang'anya jembe taratibu, akamshika mkono kumrudisha ndani.

Samira alimwomba mchapishaji akisimamishe kitabu, akajibiwa kwamba toleo la pili liko mashineni. Wiki ile ile Erasto na mkewe wakahamia Morotonga kwa kaka zake Efrazia. Njiani Efrazia alimuuliza kama moyo umetulia, maadamu hakukuonekana kitu. Erasto akaanza kuhesabu kwa vidole kona za zizi ambazo hakuzichimba.