Kikapu cha Dirisha la Tatu

Alipoanza kusuka vikapu, watu walisema ni upweke wa kustaafu, utapita. Haukupita. Baada ya vikapu akaanza kuchemsha sabuni yake mwenyewe, kisha akaanza kuoka mkate, kisha akawa anaanika maganda ya vitunguu dirishani ili apate rangi ya kutia kwenye ukindu. Nyumba ikanuka mambo matatu kwa mpigo, na kila mgeni ilibidi asubiri kiti kiondolewe majani ndipo akaribishwe kukaa.

Mtaani walimwita Mama Posta, kwa sababu maisha yake yote ya kazi aliyamaliza nyuma ya dirisha la kwanza la posta, akigonga mihuri. Kila muhuri sawasawa na mwenzake. Mkono wake wa kulia uligonga mpaka ukawa unagonga hata usingizini, na siku aliyokabidhi funguo aliapa kwamba hatafanya tena kitu kinachofanana na cha jana.

Sasa watu wa siku hizi, Mungu awasaidie, hawawezi kumwona mtu anafurahi bila kumuuliza anaingiza nini. Ukioka mkate ukaiva vizuri, wanakwambia fungua duka. Ukiimba bafuni, wanakwambia karekodi. Mwanamume akicheza karata na shemeji yake kutwa nzima hakuna anayemuuliza faida, lakini mwanamke akisuka kikapu kwa raha zake, ghafla mtaa mzima ni washauri wa biashara.

Mshauri mkuu alikuwa mwanawe mwenyewe, kitinda mimba, ambaye watu walimwita Meneja ingawa hakuwa na ofisi wala mtu wa kumsimamia. Alikuwa na simu mbili na viatu vyenye ncha, akinunua hapa na kuuza pale, mradi mkono uende kinywani. Kijana mzuri, tusimsingizie. Alimpenda mama yake kwa dhati. Shida yake ni kwamba kila alichokipenda alitaka kukitafutia mteja.

"Mama, umekalia dhahabu," alimwambia kila alipokuja kula.

"Nimekalia kigoda. Siuzi."

"Mama, mkono mtupu haulambwi."

"Basi usinilambe."

Na hata kama angetaka kuuza, asingeweza, kwa jinsi alivyokuwa anasuka. Kikapu cha Mama Posta kilianza kwa mtu. Alikuita sebuleni, akakusimamisha katikati ya chumba, akakwambia inua mkono kama unavyobeba mzigo. Hapo akachukua ujani mmoja mrefu wa ukindu, akakupima begani, kiwikoni, kifundoni, kila mahali akipiga fundo. Hakuwa na haraka. Ukichoka ukashusha mkono, alifungua mafundo yote akaanza upya. Ukicheka, vilevile. "Usicheke," alikuwa akisema, huku yeye mwenyewe amebana midomo. Kisha alikaa na mafundo yale siku nyingi, akisuka, akifumua, akisuka tena, na kikapu kilipokwisha kilikukaa mkononi kama kimezaliwa nawe.

Wajukuu walikuwa na vyao. Mkwe wake alikuwa nacho. Hata fundi bomba aliyekuja kuziba mfereji uliovuja aliondoka na cha kubebea spana zake. Meneja peke yake ndiye hakuwa na kikapu, maana kila alipoitwa kupimwa simu moja iliita, na akitoka nje kuongea alipaza sauti dirishani: "Weka tu saizi ya kawaida, Mama!"

"Saizi ya kawaida ni ya nani?" mama yake alimjibu. "Mlete nimpime."

Basi Mama Posta alikuwa na rafiki mmoja, mwenzake wa posta. Huyu kazini alikaa dirisha la tatu, na hadi leo Mama Posta humwita hivyo hivyo, Dirisha la Tatu. Kabla ya kustaafu alianguka ngazini akavunjika kiwiko, na kiwiko kikaunga vibaya. Mkono ukabaki umekunjwa kuelekea kifuani, kiganja kimepanda juu ya kiwiko, kama mtu anayetaka kubisha hodi. Hakulalamika. Alijifunza kufunga vifungo na kuchana nywele. Kitu kilichomshinda kilikuwa kikapu. Mkono mzima aliuhitaji wa kuchagulia na kulipia, na ule uliokunjwa, kila alipouning'inizia kikapu, kililala upande.

Siku moja nyanya zake zilimwagika katikati ya barabara. Watu wazima na watoto wakaziokota, wakamrudishia kwa huruma, "pole mama, pole mama," mmoja hata akamshika bega kumvusha. Dirisha la Tatu alishukuru, akarudi nyumbani, na hakwenda tena sokoni. Mkwewe akawa ndiye anamnunulia, na mkwewe, kwa heshima zake zote, hakujua kuchagua kitunguu.

"Nimekuwa mtu wa kuletewa," alimwambia Mama Posta. "Nakula vitunguu vilivyoota na nasema ahsante."

Mama Posta hakusema pole. Alisema, "Simama. Inua mkono."

"Ndio umeinuka hapa, hauinuki zaidi."

"Basi hapo hapo. Usicheke."

Kikapu kile kilimtoa jasho kuliko vyote. Alikifumua mara nyingi kuliko anavyopenda kukiri. Mwishowe akaelewa kwamba tatizo halikuwa kikapu chenyewe, lilikuwa mishikio: mkono umepanda, kwa hiyo mshikio wa upande wa kiwiko lazima uwe mfupi, na wa upande wa kiganja uwe mrefu. Ukikiweka mezani ungedhani msukaji alikuwa na homa. Lakini Mama Posta alikunja mkono wake mwenyewe mbele ya kioo, akakining'iniza, na kikakaa sawa. Akamtumia rafiki yake salamu: Jumamosi tunakwenda sokoni.

Siku mbili kabla ya Jumamosi, kikapu kikatoweka.

Alitafuta chini ya kitanda, akatafuta nyuma ya masufuria ya sabuni, akamshuku hata paka. Jioni Meneja akaingia, meno yote nje.

"Mama, kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi simama ukae tena, maana habari hii ni kubwa. Ile hoteli mpya inayokaribia kufunguliwa mjini wamekubali. Wanataka vikapu vya vyumba vyote! Niliwapelekea sampuli asubuhi, ulikuwa umelala, kilikuwa pale karibu na mlango. Mama, wameishiwa maneno. Yule mama msimamizi kasema hajawahi kuona ubunifu kama ule wa mishikio. Mmoja mrefu, mmoja mfupi! Kasema vyote viwe hivyo hivyo, visipishane hata kidogo."

Mama Posta alimtazama. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Meneja naye akacheka, akidhani ni furaha. Halafu mama akajifuta macho.

"Kiko wapi?"

"Kimebaki hotelini, mapokezi. Si ni sampuli?"

"Kina mwenyewe kile."

"Utamsukia kingine, Mama. Wewe kwako kikapu ni nini?"

Hapo ndipo alipokosea. Mama yake aliingia chumbani, akatoka amevaa viatu vyake vya kazini, vile vyeusi ambavyo hakuvigusa tangu astaafu.

Hotelini palinuka rangi mpya. Kikapu kilikuwa juu ya kaunta ya mapokezi, kimejazwa maua ya plastiki. Msimamizi alikuwa mwanamke mchangamfu, na alipoambiwa huyu ndiye msukaji alimshika Mama Posta mikono yote miwili, akaagiza juisi.

"Kumbe ndiye wewe msanii mwenyewe!"

"Mimi ni mstaafu," alisema Mama Posta. "Hivyo vikapu vya vyumba vyote. Nianze lini kuwapima?"

"Kuwapima nani, mama?"

"Wageni. Mimi nasuka kwa mkono wa mtu."

Msimamizi akacheka kidogo, akamtazama Meneja, Meneja akatazama viatu vyake. "Wageni bado hatujawapata, mama. Na wakija wanakaa siku mbili, wanaondoka. Tunataka tu vya kupamba, vifanane."

"Nimegonga mihuri inayofanana tangu nikiwa msichana mpaka nimeota mvi. Nilifanya vizuri, na walinilipa. Sasa nasuka kwa sababu napenda. Kwa kupenda tu. Hicho kikapu unachosema ni ubunifu, hebu kitazame vizuri." Akakunja mkono wake kifuani, kiganja juu. "Huo ni mkono wa mtu. Uliunga vibaya. Mwenyewe anakingoja ili aende sokoni kununua nyanya zake mwenyewe, na ninyi mmemtilia maua ya plastiki."

Msimamizi alikivuta kikapu karibu. Alishika mshikio mfupi, akashika mrefu, na uso wake ukabadilika. "Samahani, mama. Sikujua kina mwenyewe."

"Wewe hukujua. Wewe sina ugomvi nawe, na juisi yako ni nzuri."

"Tunaweza kuongeza malipo..."

"Najua mnaweza. Siuzi."

Akayatoa maua, tawi moja moja, akayapanga juu ya kaunta kwa unadhifu wa mtu wa posta. Akakunja mkono, akakining'iniza kikapu, akamaliza juisi, akatoka kwa mlango mkubwa.

Meneja alimkimbilia hadi barabarani. "Umeniangusha, Mama! Nilishawaahidi watu! Unajua nitaonekanaje?"

"Utaonekana kama mtu aliyechukua kitu cha mwenzake bila kuuliza." Hakupunguza mwendo. "Na kama unaona aibu, nashukuru. Kumbe sikulea bure."

"Mimi nilitaka usaidike!"

"Nani kakwambia nimekwama? Mwanangu, kila siku unanitafutia njia ya kutoka mahali ambapo mimi nimestarehe. Jumamosi asubuhi uje. Utatembea nyuma yetu, na hutamsaidia mtu. Utatazama tu."

Alikuja, amenuna, lakini alikuja. Mtoto wa mama huyu hangethubutu kutokuja. Dirisha la Tatu alivaa gauni lake zuri, akakipokea kikapu kwa mkono mzima, akakipitisha kwenye ule uliokunjwa. Kikakaa. Alikitikisa. Kikakaa. Akaruka kidogo, mtu mzima yule na heshima zake, mbele ya nyumba yake, na kikapu kikabaki sawa kama maji kwenye sinia.

Sokoni alichagua nyanya moja moja. Alizibonyeza, akazinusa, akazirudisha, akabishana. Muuzaji alipotaka kumsaidia kuzitia kikapuni alimwambia, "Niache, mwanangu, mwaka mzima nimechaguliwa." Akanunua vitunguu vikavu, vigumu, visivyo na dalili ya kuota. Mzigo ulipokuwa mzito Meneja alinyoosha mkono bila kufikiri, na mama yake akaupiga kofi. Dirisha la Tatu akavuka barabara, ile ile, katikati ya magari na pikipiki, kidevu juu, na hakuna kilichoanguka. Upande wa pili akageuka.

"Kumbe ni wewe," akamwambia Meneja, "uliyetaka kupamba vyumba kwa mkono wangu?"

Meneja alitazama kikapu, akatazama mkono uliokibeba. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, hakuwa na la kuuza.

"Nisamehe, Mama," alimwambia Dirisha la Tatu.

"Nimekusamehe. Lakini nyanya zangu hubebi."

Walipofika nyumbani Meneja hakuondoka. Alisimama mlangoni akivitazama vikapu vilivyotundikwa ukutani vikingoja wenyewe, kila kimoja na umbo lake, kila kimoja na mtu wake. Mama yake alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, anachambua ukindu.

"Mama. Na mimi?"

"Wewe saizi ya kawaida."

"Nipime."

Mama Posta aliuweka ukindu chini. Kisha akainuka, akamvuta katikati ya sebule, akachagua ujani mrefu kuliko yote. "Inua mkono. Kama unabeba kitu."

Akainua. Mama Posta akaanza begani, polepole, akapiga fundo la kwanza. Hapo simu ikaita mfukoni. Meneja aliujua mlio ule.

"Ni wa hoteli," alisema. "Labda wamefikiria upya. Labda wanataka vichache tu, Mama, vitatu vinne..."

"Ukishusha mkono, tunaanza upya."

Simu iliita. Ikakatika. Ikaanza ya pili, kwenye mfuko wa pili, kali kuliko ya kwanza. Jasho likamtoka Meneja kwenye paji la uso. Akatazama mfuko, akatazama mkono wake mwenyewe uliokuwa hewani umebeba kitu kisichokuwepo, na mdomo ukaanza kumcheza. Mkono ulibaki juu.

"Usicheke," mama yake akamwambia, akapiga fundo la kiwiko.