Bwana Fahd na Swichi Kubwa

Mie nimemaliza fomu siksi, kazi sina, ndo maana nikakubali kumtumikia Bwana Fahd pale Madungu. Ofisi yenyewe wanachora chipu, ule ubongo mdogo wa ndani ya simu. Wachoraji wengine wako Maskati, wengine Dar, hapa kwetu Pemba yuko Intisar peke yake. Wote wanaingia kwenye seva moja, jikompyuta lililopo chumba cha nyuma. Kwa nini likawekwa kwa Bwana Fahd? Kwa sababu mwenye kampuni, Maher wa Maskati, ni shemeji yake. Basi. Kompyuta anaijua kwa kuifuta vumbi.

Alhamisi Intisar akauweka mchoro wake kwenye majaribio. Seva iujaribu mfululizo mpaka Jumapili, Maskati wakirudi kazini waone matokeo, waamue kazi ibaki kwake au apewe mtu wa kule.

Ijumaa, adhana hiyo. Bwana Fahd keshavaa kanzu, anukia udi, mkono uko kwenye swichi kubwa ya ukutani.

"Ami, seva imo kazini," nikamwambia.

"Dukani kwa marehemu baba, Ijumaa hata mizani ilifunikwa. Leo mashine ifanye kazi watu wanasali?"

"Mashine haijabaleghe, Ami."

Akazima. Betri ya akiba alishaing'oa zamani, ati inampigia kelele. Na mie nasali, tena udhu ninao, lakini Mungu hakumwambia mtu awe mjinga. Kuwasha tena ndo kuanza upya, na Jumapili hatuwahi.

Jumapili Maher yuko kwenye skrini, anataka matokeo. Intisar kainamisha kichwa.

"Waya wa umeme wa baharini ulikatika Ijumaa, shemeji," Bwana Fahd anasema, hata hapepesi. "Si waijua Pemba."

"Waya mzima," nikasema. "Kazima mwenyewe, akenda msikitini."

"Wewe toka."

Intisar akainua kichwa. "Bwana Maher, nipe nafasi kwenye seva ya huko. Mie nitachora nikiwa hapa hapa. Majaribio nayaanza leo."

Maher akamfungulia hapo hapo. "Anza. Hiyo ya Fahd msiiguse tena. Kazi ni yako mpaka tuone matokeo."

Nikatoka kabla sijatolewa. Bwana Fahd akanifuata mpaka barazani.

"Umenidhalilisha mbele ya shemeji yangu."

Ndo kilichomuuma hicho. Kazi ya Intisar hakuitaja hata neno. Nikavaa ndara zangu, nikamwacha anasema na mlango.