Kifo Kilitoka Upande Gani

Ubalozi wetu ng'ambo uliposhambuliwa, watu sita wakafa, mmoja wao Jacktone, mlinzi wa geti. Serikali ilimpigia simu mama yake, Phelesia, huko Kendu Bay, ikasema ni wahuni waliochochewa na uvumi. Wiki iliyofuata ikasema hapana, ni mtungi wa gesi uliolipuka. Phelesia aliitikia yote mawili, maana mfiwa ana nguvu gani za kubishana.

Siku ya mazishi afisa alishuka kwenye gari la bendera, akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba sasa uchunguzi umekamilika. Geti liliachwa wazi, na mwenye zamu alikuwa marehemu mwenyewe. Kisha akaketi hemani, akaletewa kuku.

Phelesia hakulia. Kila Jumapili mwanawe alikuwa akimlalamikia kwa simu kwamba geti hilo halina kufuli, na kwamba ameandika barua tatu bila kujibiwa hata moja.

Nje ya boma vijana walikuwa tayari na mikuki na ng'ombe kwa ajili ya tero buru, ile desturi ya kukifukuza kifo mpaka kirudi kilikotoka. Shemeji yake, Cephas, alimsogelea kwa heshima, akamwita mama wa mwanawe kwa Kijaluo.

"Min Jacktone, tumeambiwa mambo matatu. Tukifukuze upande gani?"

Phelesia alimpokonya fimbo, akainyoosha kwenye hema la wageni, ambako afisa alikuwa bado anatafuna paja.

"Kilikuja na gari lile," akasema. "Swageni ng'ombe."