Gari Lililopita Lango Letu

Vumbi la gari la wagonjwa lilisimama langoni. Nililiona kupitia dirisha la jikoni, viganja vyangu vikiwa kifuani mwa mama, nikimbonyeza kama yule mwanamke wa kwenye simu alivyonielekeza. "Wamefika," nikamwambia baba. Alikuwa amepiga magoti upande wa pili, kamshika mkewe mkono, anahema kana kwamba yeye ndiye aliyeanguka. Kisha vumbi likaanza kwenda tena, taratibu kwanza, halafu kwa kasi, likapotelea nyuma ya mikalitusi ya jirani.

Baba alitoka mbio akipiga kelele. Kutoka jikoni kwetu hadi barabarani ni mwendo wa kumtoa jasho kijana, na yeye alishapita sabini. Hawakumsikia. Mimi nilibaki na mama, nikaendelea kubonyeza, maana sikuwa na kingine cha kufanya.

Huku kwetu kwenye ngano na kondoo nyumba hazifuatani, kwa hiyo namba ya lango ni umbali wake. Wapimaji huanzia pale barabara inapoanza, wakapima mpaka kwako, na kipimo hicho ndicho anwani yako. Sisi kwenye Barabara ya Tallis tulikuwa 1240, yaani kilomita kumi na mbili na mita mia nne. Mgeni akifika njia panda anarudisha mita ya gari kwenye sifuri, anaendesha, anafika bila kumuuliza mtu. Babu yangu aliwashikia wapimaji wa kwanza mnyororo wa kupimia, na vigingi akavigonga mwenyewe. Baba aliutaja umbali ule kama watu wengine wanavyotaja ukoo.

Halafu serikali ikahamisha barabara kuu. Kilomita tatu za mwanzo za Tallis zikamezwa, sifuri ikasogezwa, na halmashauri ikatuletea kibao kipya: 940. Baba alikipokea kama mtu aliyekabidhiwa panya mfu. Akakitupa kwenye banda la kunyolea kondoo, akakaza upya skrubu za kile cha zamani.

"Wewe Clarrie nawe!" mama akamcheka. "Kilichofupishwa ni barabara, siyo wewe."

"Lango langu halijasogea hata inchi moja, Noreen."

"Wala wewe hujasogea tangu unioe."

Tulicheka sote. Majirani walisimamisha magari yao kukitazama kile kibao, na baani wakampa baba jina la Bwana Kumi na Mbili. Alilipenda jina lile, mzee wa watu.

Siku ile mama alipoanguka, mimi nilitaja namba mpya kwenye simu. Watu huniuliza hili kwa sauti ya upole inayonikera, basi naomba lieleweke: niliitamka mara mbili, na yule mwanamke akairudia. Gari lilitoka mji wa mbali, na waliokuwemo hawakuwahi kufika Tallis. Walihesabu vizuri kabisa. Walisimama pale pale palipotakiwa.

Waliporudi, walimkuta baba katikati ya barabara akipunga shati lake. Waliingia naye ndani mbio, wakaniondoa, wakafungua mikoba yao. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshajua kabla yao kuwa mama hayupo tena.

Baadaye mmoja wao, binti mwenye madoadoa usoni aliyejitambulisha kama Renae, alinifuata uani. Baba alikuwa ameegemea tangi la maji, bado hana shati.

"Tulisimama hapo langoni kwenu," Renae akasema. "Mita ilisema ni hapa. Kibao kikasema siyo. Tukadhani tumekosea kuhesabu, tukaendelea mbele kutafuta."

Nilimtazama baba. Nilitaka alie, au abishe, au aitukane halmashauri kama alivyozoea, ili nami nipate pa kumpigia kelele. Nilimchukia wakati ule, sitaficha.

"Mlifanya sawa, binti," akasema. "Namba ya langoni ndiyo ya kuamini." Kisha akaingia ndani kukaa na mkewe.

Hatujawahi kulizungumza. Watu wa halmashauri walikuja wakabadilisha kibao wenyewe, na baba aliwashikia ngazi. Chuki yangu ilichakaa polepole, sijui hata iliisha lini.

Siku hizi ana kidonda mguuni, na muuguzi huja kukifunga kila wiki. Ni yule yule kila mara, na njia anaijua. Hata hivyo, baba huchukua fimbo yake mapema na kujikokota hadi barabarani. Hufanya hivyo kwa fundi, kwa mleta gesi, kwa yeyote aliyesema anakuja. Majira ya baridi yaliyopita nilimkuta huko, mvua inamnyeshea.

"Baba, rudi ndani. Anapafahamu hapa."

"Atalipita lango," akasema, macho yake barabarani.

Nikamfunga vifungo vya koti, nikasimama naye.