Sauti ya Mtunza Mijusi

Kaka alisimamisha picha pale pale mnyama alipoinamisha shingo, akagonga kioo kwa ukucha.

"Hapa," alisema. "Tazama hapa kabla hujaicheka."

Nilikuwa nimeshaicheka. Tulikaa katika chumba cha kurekodia, kile ambacho kuta zake tulizifunika wenyewe kwa magodoro ya zamani tuliyoyashonea kitambaa cheusi, na tangu asubuhi tulikuwa tukiitazama filamu tuliyopewa kuitia sauti za Kiswahili. Ilikuwa filamu ya dinosaria. Ofisini iliitwa Filamu ya Mijusi, na jina hilo halikutolewa kwa heshima. Mlinzi anaumwa mkono wa kushoto, halafu anafungwa bendeji mkono wa kulia. Mtaalamu wa mifupa ya kale, mwanamke wa viatu vya kisigino, anamshinda mbio mnyama mwenye miguu mirefu kama nguzo za umeme. Tajiri mwenye bustani ya wanyama hao anaueleza ubaya wake kwa hotuba ndefu, kana kwamba anaomba kura. Gazeti moja lilikuwa limeandika kuwa filamu hiyo ni godoro la bei mbaya: kubwa, laini, na linaleta usingizi.

Lakini Kaka alikuwa na sharti lake la kazi. Hakuna aliyesimama mbele ya maikrofoni kabla hajataja jambo jema katika filamu, na liwe jema kweli, si la kuokoteza. Alisema huwezi kumsemea mtu unayemdharau; midomo yake itakukimbia.

Fundi wetu wa sauti tulimwita Bibi Kimya, kwa kuwa hilo ndilo neno lililomtoka kuliko yote. Yeye alisema jema aliloliona ni kwamba mijusi hawana maneno ya kukariri. Kaka akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakawia. Tukatazama sakafu mpaka kikaisha.

Mimi nilisema picha ni kubwa.

"Hata mlima ni mkubwa," Kaka alinijibu. "Tazama, bwana mdogo."

Akaiachia picha iendelee. Mnyama jike alikuwa amerudi kwenye kiota baada ya moto kupita. Mayai yalikuwapo, mazima, lakini yamepoa. Aliyanusa moja moja. Kisha akaenda, mwili ule wote ukienda naye, akavunja matawi mabichi pembezoni, akarudi nayo mdomoni, akayafunika mayai upya na kuyakandamiza kwa kidevu, taratibu, kama mtu anayepiga pasi nguo ya mtoto. Hapakuwa na muziki wala mtu wa kutueleza tuhuzunike.

"Anajua yamekufa," alisema Kaka. "Anayafunika hivyo hivyo. Aliyeitunga sehemu hii alishafiwa, huyo."

Pale kazini ni mimi peke yangu niliyejua alichoambiwa na daktari. Uvimbe wa kooni ulikuwa umeshika pabaya. Ili abaki hai, kisanduku cha sauti kingeondolewa chote.

*

Sasa Kaka hayupo, na kazi ile naifanya na watu wengine. Watu wakiniuliza ni filamu ipi bora kati ya zote tulizozitia sauti, mimi huitaja hiyo, nao hudhani nawatania. Sibishani nao. Kasoro zake nazijua kuliko wao, kwa sababu mtia sauti huitazama filamu jinsi fundi cherehani anavyolitazama koti, kwa ndani, penye mishono. Lakini wanyama wale wana uzito. Wakikanyaga, maji yaliyo mbali hutikisika kwanza, ndipo mguu uonekane. Wakichoka, mbavu zao huchoka. Aliyeitengeneza hakujua kuwaongoza watu, maskini, ila alijua kiumbe kikubwa husimamaje kinapokuwa hakina pa kwenda. Na alijua kunyamaza. Filamu nyingi zenye akili kuliko ile hazijui.

Kaka alipewa sauti ya mtunza wanyama, mzee mmoja asiyesemwa vizuri na yeyote, ambaye mwishoni hubaki nyuma kulifunga lango ili wenzake wapate njia. Miaka yote Kaka alikuwa sauti ya majambazi, ya madereva, ya watu wanaopigwa risasi mapema. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa mtu mwenye maneno ya mwisho.

Tena kulikuwa na shemeji. Tangu waoane, shemeji hakuwahi kutazama filamu hata moja aliyoitia sauti mumewe. Alisema hataki kumsikia mume wake akitokea kinywani mwa mwanamume mwingine, tukacheka sana siku aliyoyasema hayo. Baada ya habari za daktari alinivuta kando jikoni, mikono yake ikiwa bado na povu la sabuni, akaniambia hii ataitazama. Aliniomba nihakikishe Kaka anaimaliza.

"Nataka niwe na sauti yake mahali, shemeji," alisema. "Hata kama ni kinywani mwa mzungumza-na-mijusi."

Nikamwahidi.

*

Maneno ya mwisho ya mtunza yalikuwa mabaya. Katika filamu yenyewe anazungumza na mkewe kwenye redio ya upepo, ile ya kubonyeza ndipo useme, huku lango likitetemeka, na anamweleza habari za nyota na umilele. Kaka aliyafuta.

"Mwenye lango la kufunga hana nafasi ya nyota," alisema.

Alikaa na picha ile muda mrefu, akihesabu mwanya wa mdomo wa mzee, wapi unafunguka na wapi unafumba, akaandika maneno yake: *Usiningoje. Funga mlango, ulale.* Yalikaa midomoni kama yaliyozaliwa hapo.

Sasa, kila mtu wa kazi yetu anajua kwamba sauti ikiwa dhaifu unaanza na maneno magumu, koo likiwa bichi, na makelele unayaweka mwisho. Kaka ndiye aliyenifundisha hivyo. Lakini katika filamu ile alifanya kinyume. Alianza na kukimbia, na kuita, na kupiga kelele watu wapande magari, siku baada ya siku, na maneno yale ya redio akayabakiza, jinsi mtoto anavyobakiza nyama pembeni mwa sahani. Niliona, nikadhani ana sababu zake. Bibi Kimya pia aliona. Hakuna aliyesema kitu, kwa maana nani amfundishe samaki kuogelea?

Siku ya kuyasema maneno hayo, sauti haikuja.

Alisimama, hedifoni masikioni, akaitazama picha, akafungua mdomo kwa wakati wake hasa. Ikatoka pumzi tu. Tukarudia. Akanywa maji ya vuguvugu, akaegemea ukuta, akarudi. Pumzi, na baada ya pumzi mkwaruzo kama wa kiti kinachoburutwa chumba cha pili. Bibi Kimya alivua hedifoni zake, akaziweka juu ya meza, akawa anazinyoosha waya.

Kaka aliniita kwa kidole.

Utotoni nilikuwa naigiza sauti yake nje ya mlango ili mama anifungulie nikichelewa. Nilijua inapoanzia, chini, karibu na kifua, na jinsi inavyoinama mwishoni mwa neno. Nikavaa hedifoni zikiwa bado na joto la masikio yake. Alinishika shingo kwa nyuma, akaniletea mdomo sikioni.

"Usilie," alininong'oneza. "Huyu halii. Anafunga kazi."

Nikayasema. Mara ya kwanza nililia, tukafuta. Mara ya pili Kaka aliitikia kwa kichwa, akaenda kukaa.

*

Filamu ilionyeshwa kwenye televisheni mchana wa sikukuu moja, Kaka akiwa ameshatoka hospitali, ana tundu dogo shingoni lililofunikwa kwa kitambaa. Shemeji alifunga mapazia, akakaa kati yetu. Alipoona bendeji imehama mkono aliuliza, "Huyu si aliumia huku?" na mabega ya Kaka yakatikisika. Huko ndiko kucheka kwake kulikobaki. Kwenye kiota shemeji aliisogeza miguu chini ya kiti, akashika magoti.

Alimtambua mumewe mapema, katika kelele zile za kuwahimiza watu wakimbie, lakini alizisikiliza kwa adabu tu, kama mtu anayesikiliza habari za kazini. Kisha likaja lango, na redio.

*Usiningoje. Funga mlango, ulale.*

Shemeji alitoa sauti ndogo. "Ndivyo alivyokuwa akiniambia kwa simu," aliniambia. "Kila akikawia kazini. Maneno hayo hayo. Ulikuwa unajua?"

Sikuwa najua. Kaka hakuwa amenieleza yalikotoka.

"Hapa ndipo yeye hasa," alisema, machozi yakimshuka. "Kwingine kote anaigiza. Hapa ni yeye."

Akauchukua mkono wa mumewe, akauweka shavuni mwake. Kaka alinitazama juu ya kichwa cha mkewe. Hakunisihi wala kunilaumu. Alinitazama jinsi alivyozoea kunitazama kupitia kioo cha studio, nilipokuwa nimeshamaliza maneno yangu na natakiwa kutulia mpaka taa nyekundu izimike. Nikatulia.

Kabla hatujaagana, shemeji aliniomba nimkatie kipande hicho, hicho tu, akiweke kwenye simu yake.

Tulikwenda studio, mimi na Kaka, siku Bibi Kimya alipokuwa na mapumziko. Nilipata mahali penyewe, nikaweka alama mwanzo wa neno la kwanza. Kaka, aliyesimama nyuma yangu, alinigusa bega, akaashiria nirudi nyuma. Nikarudi kidogo. Akaashiria tena.

Nikaicheza. Kabla ya neno la kwanza ikasikika pumzi.

Mimi huvuta hewa kwa pua; Kaka mwenyewe ndiye aliyenizoesha hivyo. Hii ilivutwa kwa kinywa, ndefu, na ilikuwa na mkwaruzo ndani yake. Bibi Kimya aliichukua pumzi ya Kaka katika zile mara zilizoshindikana, akayapanga maneno yangu baada yake, wala hakumwambia mtu.

Nikageuka. Kaka alikuwa amenyoosha kiganja hewani, akikishikilia papo hapo, kama alivyozoea kufanya akitaka nianzie hapo.

Nikakata hapo.